Milango Miwili

Mtu mwenye mlango mmoja hana swali. Huuingia au hukaa nje, na shauri lake limekwisha. Swali humjia mwenye milango miwili, na kadiri milango hiyo inavyokaribiana kwa wema ndivyo swali linavyozidi kuwa gumu. Wazee wa nchi ya Songea walioishi kabla ya mwaka 1961 hawakuwa na taabu ya kuchagua chuo cha sheria, kwa sababu Tanganyika nzima haikuwa nacho hata kimoja. Aliyetaka uwakili alilazimika kwenda ng'ambo, aghalabu London, akajiunga na mojawapo ya majumba ya mawakili, akala nao chakula cha jioni kwa idadi iliyoamriwa, akafanya mitihani, kisha akarudi kwao amevaa joho. Safari hiyo ilikuwa ya watu wa kuhesabika. Mkulima wa mahindi hakuiota.

Siku hizi kijana aliyemaliza kidato cha sita aweza kupeleka maombi katika vyuo kadhaa, na vikamkubali zaidi ya kimoja. Hapo Tume ya Vyuo Vikuu humtaka athibitishe kimoja tu katika siku zilizopangwa, na vingine aviachilie. Kuthibitisha ni neno zito kwa mtu wa miaka kumi na tisa. Katika umri huo mtu hajathibitisha bado hata tabia yake mwenyewe, naye anatakiwa kuthibitisha mahali atakapofundishwa kupima haki za watu.

Na achukuliwe kwa mfano msichana wa Hanga, nchi ya wakulima na ya watawa wa Kibenediktini, iliyokuwa katika Wilaya ya Songea na sasa imo Namtumbo. Amekubaliwa kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho watu hukiita Mlimani, na tena katika Chuo Kikuu cha Mzumbe, Morogoro. Hana haja ya kupewa jina, maana wa namna yake wapo kila mwaka. Vyuo vyote viwili viko upande wa njia moja. Basi linalotoka Songea hupita Njombe, Iringa na Mikumi, na kabla ya kuingia mji wa Morogoro hupita jirani na Mzumbe. Dar es Salaam iko mbele zaidi, kiasi cha kilomita 200. Shauri lake basi ni la kushuka mapema au kuendelea na safari.

Wanaomshauri hawakosi. Karibu wote watasema neno moja: Mlimani kuna jina. Neno hili lastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa au kudharauliwa, kwa maana limewaongoza watu wengi, na wengine limewapoteza.

Jina la chuo ni mali ya namna gani? Msichana huyu hakulifanyia kazi. Lilifanyiwa kazi na watu waliomtangulia, kama shamba la ukoo lililofyekwa na babu, na mjukuu akalikuta tayari lina mazao. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, na kilikuwa cha kwanza katika Afrika ya Mashariki yote. Wanafunzi wake wa kwanza hawakutimia 20. Hawakuwa na mlima wala majumba ya ghorofa. Walisomea katika jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba, na kilimani walihamia mwaka 1964. Walipoingia mle chuo hakikuwa na sifa yoyote, kwa kuwa hakikuwa na jana. Sifa yote ya sheria ilikuwa ng'ambo ya bahari. Kama vijana wale wangalichagua kwa kufuata jina, wangalikaa nje wakingoja nauli ya London, na jina ambalo leo linamvuta msichana wa Hanga lisingalikuwapo. Basi anayekwenda Mlimani kwa ajili ya jina lake hawaigi walioliweka jina hilo. Anafanya kinyume cha walivyofanya.

Lakini hoja hii isisukumwe mpaka ikawa uongo. Wale wa mwaka 1961 hawakuwa wote mashujaa wa kuchagua. Baadhi yao huenda walikuwa na mlango mmoja tu, na mwenye mlango mmoja, kama ilivyokwisha kusemwa, hana swali. Tena chuo chao kilikuwa chini ya mbawa za Chuo Kikuu cha London, na shahada zao zilitegemea jina la huko. Hata mwanzilishi huazima kivuli mahali fulani. Mwaka 1963 chuo kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na vijana wa Kenya na Uganda wakaja Dar es Salaam kutafuta sheria. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya tangu mwaka 2011 hadi 2016, alikuwa mmoja wa Wakenya waliosomea sheria hapo. Muungano wa vyuo hivyo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake.

Kiti cha Jaji Mkuu wa Tanzania nacho kina fundisho lake. Francis Nyalali, aliyekikalia tangu mwaka 1977 hadi 2000, alisomea uwakili London. Augustino Ramadhani, aliyekikalia tangu mwaka 2007 hadi 2010, alipata shahada yake ya sheria Dar es Salaam. Mlango wa mbali na mlango wa karibu ulifikisha watu katika kiti kimoja. Anayetaka kushikilia kwamba chuo ndicho kinachomfanya mtu atapata shida kueleza jambo hili. Na anayetaka kushikilia kwamba chuo si kitu naye asifurahi mapema, maana wote wawili walifundishwa vizuri.

Hapa pana haki moja ya kutolewa kwa wale washauri wenye kusifu jina. Mtu aliye mbali hawezi kuona. Hajui mwalimu yupi huyasoma maandishi ya mwanafunzi na kuyarudisha yamesahihishwa, na yupi huyaweka alama bila kuyafungua. Hajui maktaba ina vitabu vingapi vya sheria ya ardhi, wala darasa moja lina watu mia moja au mia tano. Kwake jina ni kama harufu ya chakula kwa mtu aliye nje ya jiko: haimshibishi, bali yampa habari. Kosa lake huanza pale anapoidhani harufu kuwa ndiyo chakula.

Mzumbe nayo ina asili yake, na si asili ya kuonea haya wala ya kupamba mno. Ilianza mwaka 1953 kuwa shule ya Serikali za Mitaa, ikawafundisha machifu, makarani wa mabaraza ya wenyeji na madiwani. Ilizaliwa basi kwa haja ya ukoloni wa kutawala kwa mikono ya watu wengine. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu. Kwa miaka mingi mahakimu wa Mahakama za Mwanzo walipata mafunzo yao huko. Hivyo chuo hiki kilikaa karibu na daraja ya haki ambayo mtu wa Hanga huikuta kwanza, na mara nyingi huikuta mwisho pia. Wanakijiji walio wengi hufa bila kumwona jaji wa Mahakama Kuu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo wanamfahamu kwa sura.

Je, yafuata kwamba anayewapenda watu wake ashuke Mzumbe? Hoja ya namna hiyo ni tamu kuliko ilivyo kweli. Yafaa kuitazama kesi moja inayojulikana sana kwa wanasheria wa Tanzania. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake. Alipozeeka akaona hana wa kumtunza, akaliuza mwezi Agosti mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akashtaki. Mahakama ya Mwanzo ikasema mauzo ni batili, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile inapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke yule alikuwa na haki ya kuuza sawa na mwanamume.

Mambo yalikuwa yale yale katika mahakama zote tatu: mama mmoja, shamba moja, bei moja. Hakimu wa kwanza hakuwa dhalimu. Alikuwa na maandishi ya sheria mbele yake akayatii. Jambo lililomtenga na jaji ni kujua kwamba juu ya sheria iko sheria nyingine, na kuthubutu kuitumia. Kwa hiyo elimu si pambo katika kazi hii. Daktari asiyefundishwa vizuri huua mtu mmoja kwa wakati, lakini mwanasheria asiyefundishwa vizuri aweza kuacha kanuni mbaya ikaendelea kukaa juu ya vichwa vya wanawake wa nchi nzima, wala damu isionekane. Anayechagua chuo hafifu kwa kuwa ni cha karibu, au ni rahisi, au marafiki zake wako huko, ametoa sadaka katika mali isiyo yake.

Matokeo ya Shule ya Sheria yalilidhihirisha jambo hili mbele ya macho ya watu wote. Shule hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na hupokea wahitimu wa vyuo vyote wanaotaka kuwa mawakili. Mwezi Oktoba mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu; 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walikuwa wameshindwa kabisa. Nchi ilishtuka. Wengine waliilaumu Shule, wengine vyuo vikuu, wengine wanafunzi wenyewe, na serikali ikaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lolote lililo kweli katika lawama hizo, hesabu yenyewe haikutenga milango. Walioanguka walikuwa wametoka katika vyuo vya majina makubwa na vya majina madogo, na 26 ni idadi ndogo mno kuweza kuwa fahari ya chuo chochote.

Neno la lugha nalo linaingia katika shauri hili, ingawa washauri huliruka. Sheria hufundishwa kwa Kiingereza Mlimani, na kwa Kiingereza Mzumbe. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote, hali zamani kilikuwa na makao ya hakika katika Mahakama ya Mwanzo tu. Basi msichana wa Hanga, popote atakaposhuka, atasoma miaka yake yote kwa lugha moja na kutakiwa kuwatetea watu kwa lugha nyingine. Atalijua neno la Kiingereza la mtu kuzuiwa kukana alichokwisha kumwaminisha mwenzake, na siku atakapotakiwa kumweleza mjane kwa nini shemeji yake hawezi kuligeuka neno lake, atatafuta Kiswahili asikione mkononi. Na Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya kila bibi wa Kingoni au wa Kindendeule. Kati ya kitabu na bibi huyo kuna mito miwili ya kuvuka, na hakuna chuo kilichojenga madaraja yote mawili. Kama angepata habari kwamba katika kimojawapo mwalimu mmoja huwatia wanafunzi kutetea kwa Kiswahili hata mara moja kwa muhula, habari hiyo ingekuwa na uzito kuliko sifa za miaka 60.

Liko bado swali lililo gumu kuliko yote: uchaguzi huu ni wa nani? Kijana hasomi kwa mali yake. Nauli imetoka katika magunia ya mahindi au tumbaku. Mjomba ameuza ng'ombe, shangazi ametoa akiba ya chama chake, na Bodi ya Mikopo imeongeza fedha za taifa ambazo zimekatwa katika jasho la watu asiowajua. Wote hao wana sauti. Deni hili lilizungumzwa kwa ukali tarehe 22 Oktoba mwaka 1966, wanafunzi walipoandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza papo hapo kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Watu wabishane wapendavyo juu ya ukubwa wa adhabu ile, lakini juu ya asili ya deni Mwalimu hakukosea: aliyesomeshwa na maskini hawezi kusema kwamba elimu yake ni shauri lake na mfuko wake.

Hata hivyo deni lina mipaka, na katika sheria mipaka hiyo ni mikali kuliko katika kazi nyingine. Ukoo humsomesha mwalimu ukitumaini kwamba atawasomesha wadogo zake. Matumaini hayo ni halali. Ukoo humsomesha daktari ukitumaini dawa; nayo ni halali. Lakini mara nyingi ukoo humsomesha mwanasheria ukiwa na kesi tayari. Kuna shamba ambalo marehemu amemwachia mjane, na ndugu zake wanalitaka. Wazee humwita binti wakamwambia, “Mwanetu, tumekutoa mbali, wewe ndiwe ulimi wetu.” Naye akiwasikiliza vizuri atagundua kwamba ulimi wanaoutaka ni wa kusema dhidi ya shangazi yake mwenyewe, mke wa marehemu, aliyetoa akiba ile ya chama. Hapo deni limegeuka kuwa bei. Magunia ya mahindi yalinunua nauli na daftari, hayakununua hukumu. Mwenye kuijua sheria akiwa mali ya ukoo wake, basi ukoo jirani hauna sheria, na wanyonge wa ukoo wake wenyewe hawana pia.

Nchi ile inajua zaidi ya nyingi maana ya sheria isiyokuwa na mtetezi. Mwezi Februari mwaka 1906, wakati wa vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga Songea manduna na wazee wa Kingoni, wakawazika katika kaburi la pamoja. Kwa watu wengi wa huko sheria ya serikali ilifika ikiwa na kamba mkononi. Wajukuu wa waliolishuhudia jambo hilo wanapochangishana fedha ili binti yao asome sheria, hawafanyi jambo dogo, na haki yao ni kutaka asome vizuri. Wapi atasomea ni shauri lake yeye, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama.

Kipo kipimo kimoja ambacho aweza kukitumia peke yake usiku, bila mshauri. Ajiulize: kama hakuna mtu wa Hanga ambaye angepata kulisikia jina la chuo alichosoma, angechagua kipi? Jibu likiwa lile lile, uchaguzi wake una mizizi. Likibadilika, alikuwa anachagua kwa ajili ya masikio ya watu. Kipimo hiki hakimpi jibu la Mlimani wala la Mzumbe. Kinaondoa ukungu tu, kisha akili ifanye kazi yake.

Na baada ya akili kufanya kazi yake, huenda mizani ikabaki sawa. Hapo Hanga ina mfano wake wa karibu. Watawa wa Kibenediktini huweka nadhiri ambayo mashirika mengi hayanayo, nayo ni nadhiri ya kudumu katika nyumba moja. Mtawa hakuapa kwamba nyumba aliyoingia ndiyo bora kuliko zote; aliapa kwamba atakaa humo. Katika miaka ya hamsini, wakati Peramiho ilikuwa na sifa tangu mwaka 1898 na wamisionari wake wa Kijerumani, nyumba ya Hanga ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliotaka maisha ya utawa. Ilikuwa ndogo na haikuwa na jina. Waliodumu humo ndio waliopata kuiona ikiwa abasia. Chuo si utawa, bila shaka. Miaka ya shahada ni michache, na kanuni za siku hizi zinamruhusu mwanafunzi kuhama kwa masharti. Lakini aliyeshuka Mzumbe akashinda miaka yote akiikodolea macho barabara ya Dar es Salaam hajafika Mzumbe bado, na aliyepanda Mlimani ili aitwe wa Mlimani aweza kumaliza masomo yake kabla hayajaanza.

Siku za kuthibitisha zikiwa hazijaisha, liko jambo moja ambalo kijana wa Hanga aweza kulitenda badala ya kuendelea kuhesabu sifa. Songea mjini Mahakama Kuu ina masjala yake, na mawakili wa vyuo vyote viwili hutetea mle. Aende siku ya kesi, akae nyuma, asikilize nani anayejua jambo na nani anayejua maneno. Kikao kikiisha awafuate nje kwa heshima, awaamkie, awaulize walifundishwa nini na nini walilazimika kujifunza wenyewe. Kesi husikilizwa hadharani, na nauli ya kutoka Hanga si kubwa.